Wimbo Alionikatalia Shangazi

Kabla hajaimba, Shangazi Tabitha hukohoa. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni kimoja tu, kifupi, cha kusafisha njia, kisha kimya kidogo, halafu banjo inaingia. Katika albamu yake mpya hawakukiondoa. Nilikisikia juzi ndani ya metro nikitoka kazini Jebel Ali, spika zangu masikioni, na papo hapo nikanusa vitunguu. Nawaambieni kweli, nilinusa vitunguu vikikaangwa katikati ya watu waliovaa tai, nikawa tena mtoto wa miaka tisa, miguu peku, kwenye sakafu ya jiko letu la Naif, hapa Dubai.

Jioni ile ile nikakuta mtu ameandika mtandaoni kwamba sauti ya mama huyu imeshika kutu, apumzike sasa, awaachie vijana. Ameandika kwa upole, kama anayemfanyia hisani. Nikasema, enhe, huyu naye katokea wapi? Sikumjibu. Watu wamekuwa wakimwambia Shangazi apumzike tangu mimi sijaota meno ya utu uzima, na mara ya kwanza nilipolisikia neno hilo nilikuwepo, tena nilikuwa upande wao. Ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Muziki wenyewe Wamarekani wa milimani huuita blugrasi: banjo, fidla, gitaa, sauti za juu zinazokaribia kulia, wala hakuna ngoma. Kwetu Molo, walikozaliwa Baba na dada yake Tabitha, uliingia kwa redio, watu wakauchukua, wakauita kandri na kuuimba kwa Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa. Shangazi aliuimba harusini, kwenye harambee na katika mikahawa ya Nakuru, akiimba habari za viazi, barafu ya asubuhi na wanaume waongo. Alipokuja Dubai kufunga mizigo katika ghala moja la Jebel Ali alikuwa ameshapita hamsini. Kila mtu alidhani mambo ya muziki yamekwisha. Yeye hakuwa amedhani hivyo.

Tuliishi katika nyumba ya vyumba vitatu iliyogawanywa kwa mbao, vikawa vyumba sijui vingapi. Wenyewe tuliviita patisheni. Baba, Mama na mimi tulikuwa na yetu, Shangazi yake, na nyingine walikaa watu wa kila taifa. Jiko lilikuwa moja. Ijumaa, ambayo enzi hizo ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko, sisi tulirudi kutoka ibada na Ami Seif alirudi kutoka msikitini, tukala pilau, kisha bendi ikaanza mazoezi jikoni kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kusimama.

Ami Seif alikuwa Mzanzibari, muuza mablanketi hapo hapo Naif, na fidla yake aliijulia kwenye taarabu. Alikuwa akisema kandri ni taarabu iliyopotea njia ikaishia mlimani. Anko Wekesa wa Bungoma, mlinzi wa duka, alipiga banjo, naye alimjibu kwamba fidla ya Seif ina maringo ya bibi harusi, haiwezi kuingia bila kusubiriwa. Baba alipiga gitaa na hakusema kitu. Na mimi, nikiwa nimesimama juu ya kreti la nyanya, nilipewa sauti ya tatu.

Kandri ya namna ile huimbwa kwa maikrofoni moja. Sisi hata hiyo moja hatukuwa nayo, basi Shangazi alining'iniza upawa kwenye kamba ya nguo, tukawa tunauimbia upawa. Msicheke. Tuliuimbia kwa miaka. Sheria ilikuwa ni ile ile ya jiko: zamu yako ikifika ingia, ikiisha pisha. Mwenye zamu ya kupiga ala peke yake anasogea mbele, mwimbaji anarudi nyuma, fidla inapita chini ya kwapa la banjo, na hakuna anayegongana na mwenzake, maana wiki nzima watu wale wale walikuwa wakipishana hapo na sufuria za moto. Aliyechelewa kupisha alipigwa na kitambaa kibichi mgongoni. Shangazi hakuwa na upendeleo. Nilikipata nami.

Kulikuwa na wimbo mmoja alioutunga ndani ya basi la kampuni, alfajiri, akienda kazini. Ulimhusu mwanamke aliyepanda gari la moshi, na kila kituo watu wanamwambia ashuke, amefika, inatosha. Naye anajibu:

*Kituo hiki si changu, mwacheni aliyekaa akae.*

Niliupenda wimbo ule kuliko chakula. Niliuimba bafuni mpaka majirani wakagonga ukuta. Niliujua wote, hata mahali anapovuta pumzi.

Sasa, Anko Wekesa mkataba wake ulikuwa unaisha na alikuwa anarudi Kenya moja kwa moja. Ikawa ni kurekodi sasa au basi tena. Wakampata prodyuza, kijana wa Nairobi aliyekuwa na studio kule Al Quoz, akakubali kutusaidia kwa ajili ya undugu wa nyumbani. Studio ilikuwa baridi kama friji. Akamweka kila mtu katika chumba chake cha kioo na vipokea sauti masikioni, na bendi yangu iliyokuwa ikipishana kama maji ikawa inakwaruzana kila baada ya mstari. Wamezoea kusikilizana kwa mabega. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Shangazi alichoka, sauti ikaanza kukatika juu.

Mimi nilikuwa kwenye kochi nje, na kwa kuwa siwezi kunyamaza, nikawa nauimba ule wimbo peke yangu. Prodyuza akageuka. Akaniambia niimbe tena, karibu na maikrofoni. Nikaimba. Nakumbuka alivyotabasamu, na nakumbuka nilivyovimba kichwa. Akawaita wote watoke nje ya vioo.

“Auntie, usiskie vibaya,” akasema. “Hii soko inataka sauti fresh. Huyu mtoi aimbe lead, wewe umshikilie huko nyuma. Jina ibaki yako. Wewe umeimba vya kutosha, sasa pumzika.”

Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa heshima, na Baba alikuwa tayari anatikisa kichwa kukubali. Shangazi alinitazama kwa muda mrefu, mimi niliyekuwa nimeshaiona picha yangu kwenye jalada.

“Anaimba vizuri, najua,” akasema. “Mimi ndiye niliyemfundisha. Lakini huu wimbo nauimba mimi.”

Prodyuza akamwambia kwamba kwa hali hiyo yeye hana la kufanya. Shangazi akasema khalas, basi, akachukua mkoba wake. Hakubamiza mlango wala kutukana. Alishukuru kwa chai.

Ndani ya basi la kurudi nilikaa kiti cha nyuma peke yangu. Moyo wangu ulikuwa umepasuka, na sitaki kuupunguza uzito wake sasa kwa kuwa nimekua: mtoto akinyang'anywa kitu mbele ya macho yake, kimenyang'anywa. Nilijiuliza ni sheria gani hii ya kupishana, ambayo mwenye kuitunga haimhusu.

Nyumbani Baba alimsihi. Akamkumbusha kwamba Wekesa anaondoka, kwamba nafasi ya studio hairudi mara mbili, na mwisho akamtolea methali. “Dada, asiyekubali kushindwa si mshindani.”

“Nimeshindwa na nani?” Shangazi akauliza. “Na mtoto wa miaka tisa? Mimi sishindani naye. Mimi naimba wimbo wangu.”

Baba akamgeukia Ami Seif ili amsaidie. Ami alikuwa anakaza nyuzi za fidla yake, akasema bila kuinua uso kwamba ng'ombe hazeeki maini, na mjadala ukaishia hapo. Mimi nilimwambia Mama kwamba Shangazi ana wivu. Mama, aliyekuwa ametoka kufua mashuka ya hoteli tangu asubuhi, akaniambia huenda, nami nile chakula changu.

Ijumaa iliyofuata Wekesa alikuja na rekoda na maikrofoni moja aliyoazima kanisani kwao. Wakaining'iniza pale pale penye upawa. Ami Seif alileta mablanketi ya dukani, yale mazito ya maua na simbamarara ambayo wafanyabiashara hununua kupeleka Mombasa, wakayatundika kwenye kuta zote kuua mwangwi. Majirani wakaombwa wasipike mpaka alasiri. Feni ikazimwa. Jiko likawa tanuri.

Mimi nilijifungia patisheni. Nilitaka wanibembeleze. Mama hakuja, Baba hakuja. Shangazi alikuja, akagonga ubao kwa kidole na kusema sauti ya tatu inahitajika kazini, kisha akaenda zake. Nikakaa. Nikasikia kikohozi, kimya, banjo. Wakafika kwenye pambio, na nikasikia pale ninapoimbaga mimi pakiwa patupu. Aisee. Sijawahi kusikia kitu kibaya kama kile. Wakakatiza, wakaanza upya, pakawa patupu tena. Mara ya tatu nilikuwa tayari juu ya kreti.

Lakini nilikuwa na langu moyoni. Ulipofika ubeti wa mwisho, wa kituo cha mwisho, badala ya kubaki nyuma nilisogeza uso mbele kwenye maikrofoni nikauanza mimi, kwa sauti yangu yote, sauti ile fresh. Wekesa alinitolea macho. Baba nusura aache gitaa. Shangazi hakunisukuma. Hakunitazama wala hakusogea hata unywele. Aliongeza sauti tu. Tulikuwa shavu kwa shavu, jasho lake likanichuruzikia, na tukapanda pamoja mpaka kwenye neno *si changu*, ambako sauti yake ilipasuka katikati, ikaparuza, ikapita. Yangu ilikuwa safi, lakini ilikuwa haina pa kwenda. Nikarudi kwenye sauti ya tatu mwenyewe, na wimbo ukamalizika kama unavyotakiwa kumalizika.

Mama alikuwa amesimama karibu na friji akilia bila kujificha. Wekesa akasema kwa uangalifu kwamba labda turudie, kwa sababu ya pale palipopasuka.

“Paache,” Shangazi akasema. “Pamepasuka nikiwepo.”

Wekesa aliondoka, na albamu ikabaki. Ilinakiliwa na kunakiliwa tena, ikaingia vyumba vya wafanyakazi Muhaisnah, ikasafiri ndani ya mablanketi ya Ami Seif mpaka Mombasa. Na nawaambieni, watu walirudisha kaseti nyuma ili wasikie pale pale palipopasuka. Wengine walidhani ni sauti mbili za mtu mmoja.

Nilipokua nikaanza kumtafutia Shangazi sababu nzuri. Niliwaambia marafiki zangu chuoni kwamba alininyima wimbo ule ili kunilinda, nisiwe mtoto wa kuuzwa sokoni, nisome kwanza. Ilikuwa hadithi tamu. Wasikilizaji walisema kumbe shangazi alikuwa na hekima, na mimi nikapenda kuisimulia hivyo.

Mwaka huu Shangazi, aliyekuwa amesharudi Kenya, alikuja tena Dubai kwa viza ya matembezi, ameshapita sabini, pamoja na Wekesa, wakarekodi albamu hii mpya ndani ya stoo ya mablanketi ya Ami Seif. Baba hayupo tena, Mungu amrehemu. Gitaa nimepiga mimi. Siku moja kabla hajaondoka tulikuwa wawili nyumbani kwangu, anatoa mawe kwenye mchele, nikamuuliza.

“Shangazi, ule wimbo. Ulinikatalia ili kunilinda, sivyo?”

Aliacha sinia akanitazama kwa mshangao wa kweli.

“Nikulinde na nini? Niliutaka mimi. Hiyo haitoshi?”

Nilikuwa nauona mara moja ule umri wake wote. Mshahara wa ghala ulikuwa wa bati la nyumba ya Bibi. Likizo zake zilikuwa za mazishi na mahari za watu. Hata kitanda chake cha patisheni aliwaachia wageni na kulala chini, nasi tukaona sawa, kwa kuwa shangazi ni mtu wa kutoa. Wimbo ule ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona akikishika kwa mikono miwili na kusema hapana. Na mimi, mtoto na mtu mzima, sikuweza kumsamehe mpaka nigeuze hata hapana ile iwe zawadi yangu. Kumbe hakunilinda, hakunifundisha, hakuniwekea akiba ya hekima yoyote. Alikuwa mwimbaji, na ulikuwa wimbo wake.

“Nakuuliza,” akasema, akilivuta tena sinia lake. “Haitoshi?”

“Inatosha, Shangazi.”