Kadi Nyekundu ya Eli Purdom

Kuna nyumba moja Bowie, nje kidogo ya Washington, ya matofali, yenye sanduku la barua lililochorwa ndege mwekundu, ambayo mpaka leo nikilazimika kupita mtaa wake nateremsha kile kibao cha kuzuia jua kwenye gari hata kama mvua inanyesha, maana humo ndani nilijitia aibu ya aina ile ambayo mtu mzima akishaipata anahamia jimbo lingine. Mimi sikuhama. Basi afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mama Wanjiku, ambaye anaisimulia vizuri kuliko mimi na kila mwaka anaziongeza dakika nilizokaa msalani.

Kwanza mjue ugonjwa wangu. Miaka ile, 2005, 2006 hivi, nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala moja Landover, na siku za mapumziko, badala ya kulala kama binadamu wengine, nilikuwa napanda treni kwenda kwenye maktaba kubwa mjini Washington kusoma magazeti ya kale yanayohusu mabondia waliopigana bila glovu. Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo na hakuna aliyeniomba niifanye. Niliona picha ya bondia mmoja kwenye intaneti, nikataka kujua alikuwa hodari kweli au alisifiwa tu, na tangu siku hiyo nikawa hakimu wa watu waliokufa zamani, wasioweza kukata rufaa.

Ngumi zile zilikuwa na sheria zake. Raundi haikuhesabiwa kwa saa. Iliisha mtu akianguka, awe amepigwa au ameteleza, kisha akapewa nusu dakika ya kujikusanya na kurudi kwenye mstari uliochorwa katikati ya ulingo. Asiporudi mstarini, ameshindwa. Wajanja walikuwa wanajiangusha bila kupigwa ili wapate kupumzika, na hao ndio niliowachukia kabisa (mimi, ambaye sijawahi kumpiga hata mbu mara mbili). Kila bondia nilimwandikia kadi: kijani kwa shujaa, njano kwa mwenye mashaka, nyekundu kwa mwoga. Upande wa mbele naandika hukumu, upande wa nyuma naandika ushahidi unaoipinga. Kadi zote nilizitunza kwenye boksi la viatu, na boksi lilikaa kwenye buti la gari, kwa sababu niliogopa nyumba ikiungua nitazipoteza. Kwamba gari nalo linaweza kuibiwa, hilo halikunijia.

Sasa, mwenzangu niliyekuwa nikiishi naye Riverdale Park, Gadi, mtu wa Singida, akampenda Neema, na Neema akampenda, na kwa kuwa wazazi wa Neema ni watu wa kufuata utaratibu, ikabidi posa ipelekwe kwa barua na washenga kama nyumbani. Mjomba mmoja tuliyemtegemea akapata zamu kazini siku hiyo. Gadi akanigeukia mimi. Alisema, mtu wangu, wewe ndiye unayefanya mambo kwa uangalifu kuliko wote ninaowajua. Mtu mwenye wasiwasi kama mimi akisifiwa hivyo hawezi kukataa kitu.

Nikajiandaa kama naenda kwenye mtihani. Nilimwandikia hata Gadi kadi, ili nisisahau la kumsifia, na kwa kuwa kijani simpi mtu mpaka nipate mashahidi wawili wasiojuana, nikatumia njano. Mama Wanjiku pia nikamwandikia. Huyu alikuwa nesi wa Kikuyu, jirani yetu, mwanamke anayeheshimika, na ndiye aliyekubali kwenda nami ili isionekane Gadi hana mtu mzima nyuma yake. Tukiwa njiani aliniita kwa jina, akanipa maagizo.

“Ombeni, leo wewe ni mdomo wa Gadi,” akasema. “Mdomo, si kichwa. Unasema salamu, unapeana barua, ukiulizwa kitu kingine unakula.”

Nikamwambia nimeelewa. Na kweli, kwa saa nzima nilifanya vizuri mpaka nikaanza kujipenda. Baba Neema, aliyekuwa karani wa mahakama Dodoma kabla ya kuja huku na kuingia kazi ya serikali, aliipokea barua kwa mikono miwili, akaiweka mezani bila kuifungua kama ilivyo desturi, akatukaribisha chakula. Mama Neema na shangazi wa Neema walicheka kila niliposema kitu. Neema mwenyewe alipita na jagi la juisi, akanikonyeza, maana yake tunaelekea pazuri.

Laiti tungeaga hapo. Lakini Baba Neema alikuwa amefurahi, na mwenye nyumba wa Bowie akifurahi lazima akuonyeshe besmenti yake, yaani sebule ya chini ya ardhi. Tukateremka. Kulikuwa na makochi, televisheni kubwa, na ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, picha ya kuchorwa ya mtu mweusi kifua wazi, amekunja ngumi, macho yametulia kama anasubiri basi.

Nikasogea karibu. Nilimjua. Alikuwa Eli Purdom, mchokoa chaza wa Baltimore, mtu wa kufungua kombe za baharini kwa kisu, bondia ambaye watu watatu tu duniani wangemtambua, na mimi nikiwa mmoja wao.

Baba Neema akaeleza kwamba aliinunua picha ile kwa mzee mmoja jirani, majira yake ya kwanza ya baridi nchini, na mzee yule akamwambia huyu bwana hakuwahi kumkimbia mtu. Tangu hapo kila shida iliyompata, akasema, alikuwa anateremka huku anamtazama, halafu anapanda tena.

Jamani, kitu gani kilikuwa kigumu hapo? Ilinitosha kusema, kweli anaonekana jasiri. Maneno matatu. Lakini mimi nikiona kosa kwenye kumbukumbu nawashwa mwili mzima, siwezi kutulia, ni kama mtu amekaa na kokoto kwenye kiatu.

“Samahani Baba,” nikasema, “kumbukumbu hazisemi hivyo.”

Mama Wanjiku akanikanyaga mguu. Nikadhani ni bahati mbaya, nikamsogezea nafasi.

Baba Neema akauliza zinasemaje. Nikaomba dakika mbili, nikapanda ngazi mbiombio mbele ya shangazi aliyedhani kuna mtu kazimia, nikaenda kwenye gari, nikarudi na boksi la viatu. Nikaitoa kadi nyekundu ya Purdom pamoja na fotokopi ya ukurasa wa gazeti, nikawasomea wote waliokuwa wameteremka kuona kuna nini: alianguka mara nne bila kupigwa, na raundi ya ishirini na saba hakuja mstarini. Nikaeleza sheria ya mstari. Nikaeleza nusu dakika. Nadhani hata nilichora mstari kwenye zulia kwa kidole cha mguu.

Baba Neema alinisikiliza vizuri, miwani mkononi.

“Kwa hiyo mtu akiachia katikati hana utetezi?”

“Hana, Baba. Aliyeacha ameacha. Sababu huwa hazikosekani.”

“Hata kidogo?”

“Ndiyo maana ya kumbukumbu,” nikasema, na nilisema kwa sauti ya kuhurumia, Mungu anisamehe.

Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Akasema basi nimsaidie jambo moja, kwa sababu amesikia kwa watu kwamba huyu kijana wetu Gadi aliacha chuo mwaka wa pili, na alikuwa hajui alichukulieje, ila sasa nimemfundisha.

 Mama Neema akatazama zulia, pale nilipochora mstari. Mama Wanjiku akanitazama mimi. Jibu nilikuwa nalo! Gadi aliacha chuo kwa sababu mama yake aliugua Singida na hapakuwa na mtoto mwingine wa kumtunza, akawa anafanya kazi mbili, asubuhi na jioni, mpaka mama akapona. Lakini Gadi alinikataza kulisema hilo; hakutaka kupewa mke kwa huruma. Mtu mwenye busara angetafuta njia. Angesema, Baba, hilo aulizwe mwenyewe. Mimi nilisema naomba kuonyeshwa msalani.

Nilikaa humo dakika kumi na mbili (Mama Wanjiku sasa amefika ishirini na tano). Nilifungua maji nikayafunga, nikasoma maelezo yote kwenye chupa ya shampuu, nikapima dirisha kwa macho, likawa dogo. Halafu nikakumbuka kwamba boksi nimeliacha mezani, wazi, na kadi za Gadi na Mama Wanjiku ziko juu kabisa.

Nilipotoka, Baba Neema alikuwa amevaa miwani. Mama Wanjiku alikuwa ameshika kadi yake mwenyewe.

“‘Msema kweli,’” akasoma. “‘Asiachiwe kuzungumza kwanza.’” Akainua uso. “Kwa hivyo mimi ni wa kuzuiwa, Ombeni?”

Shangazi alijifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Baba Neema akasoma ya Gadi kwa sauti ya karani, bila kupanda wala kushuka: aliacha chuo mwaka wa pili, anapika vizuri, njano.  Nikaanza kusema kitu kuhusu kijani na mashahidi wawili wasiojuana, hakuna aliyenisikiliza. Na hapo yule mzee akafanya jambo ambalo mimi, mtafiti, bingwa wa kujifundisha mwenyewe, sikuwa nimelitarajia. Aligeuza kadi.

Nyuma yake nilikuwa nimeandika yote. Mama yake, kazi mbili, miezi kumi na minne, na mwisho: hajawahi kulalamika mbele yangu, na ninaishi naye. Hayo Baba Neema hakuyasoma kwa sauti. Aliyasoma kimya, akampa mkewe kadi, mkewe akasoma, akampa shangazi, na shangazi akaacha kucheka.

Kisha akaichukua kadi nyekundu ya Purdom, akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe.

“Huyu mbona hana upande wa pili?”

Nikajibu kwamba sikupata ushahidi wa kumtetea. Akaiinua fotokopi, akaisogeza karibu na taa, akaonyesha kwa kucha mstari wa mwisho wa safu, palipoandikwa kwamba raundi ya ishirini na saba ilipoitwa Purdom hakuja mstarini, kwani wasaidizi wake, na karatasi ikaishia hapo.

“Wasaidizi wake walifanya nini?” akauliza.

Sikujua. Ukweli, ambao nilikuwa sijamwambia mtu, ni kwamba siku ile nilipofika mwisho wa ukurasa, kengele ya kufunga maktaba ililia, ilibaki kuzungusha mara moja tu mkono wa ile mashine ya kusomea magazeti yaliyohifadhiwa kwenye filamu, lakini kadi nyekundu nilikuwa nimeshaiandika kwa wino na mwandiko ulitoka mzuri, nikaogopa kwamba ukurasa unaofuata utaniharibia kadi. Nikazima mashine. Nilikuwa napangusa vumbi kwenye boksi kila Jumapili na ukurasa mmoja sikuugeuza.

Baba Neema aliichukua barua ya posa, akaichomeka kwenye kona ya ile fremu ya dhahabu, bado imefungwa, akasema itafunguliwa siku nitakapomletea ukurasa unaofuata. Alisema kwa upole. Shangazi akatufungia chakula.

Tukarudi Riverdale Park. Gadi alikuwa jikoni amepika wali wa kutulaki. Nikamweleza. Akazima jiko.

“Ulikwenda kuniposea au ulikwenda kupigana?”

Nikakiweka mezani kile chakula cha shangazi.

“Na habari ya mama nilikwambia usiiseme.”

“Sikuisema,” nikasema. “Imesomwa.”

Alikwenda chumbani akafunga mlango, na siku tatu tulizungumza kwa vikaratasi kwenye friji.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa mlangoni mwa maktaba kabla haijafunguliwa. Nikaizungusha filamu polepole, maana posa ya mtu ilikuwa inamtegemea mchokoa chaza ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemwita mwoga, na nikikuta wasaidizi wake walikuwa wamesinzia au yeye kalewa, nitakwenda kusema nini Bowie? Ukurasa ukatokea. Wasaidizi wake walimkamata kiunoni wamzuie asirudi kupigana, watu wawili, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika tangu raundi ya tisa, na mwandishi, ambaye dhahiri hakumpenda, aliandika kwamba Purdom aliwaburuta wote wawili hadi hatua moja kutoka kwenye mstari ndipo muda ukaisha. Ile mianguko minne haikuelezwa. Niliutafuta ukurasa wa baada ya hapo, na wa baada yake pia. Mimi ni mtu wa kujifunza, ila nachelewa.

Nilimkabidhi Baba Neema fotokopi nikiwa nimesimama kwenye mkeka wa mlangoni. Akaisoma palepale, baridi inaingia nyumbani, akasoma mara mbili, akanikaribisha ndani, akanipa kalamu nijaze nyuma ya kadi mbele yake. Halafu akateremka besmenti peke yake, na aliporudi barua ilikuwa mkononi, imefunguliwa. Akasema Gadi aje mwenyewe Jumapili, na mimi nikaribie pia, bila boksi.

Walioana kiangazi. Mshereheshaji alipoomba washenga wasimame wapigiwe makofi, Mama Wanjiku alisimama, na mimi nikainama chini ya meza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Basi nimeapa: sitabeba kadi tena kwenye nyumba ya mtu, na sitaandika hukumu kengele ya kufunga ikilia. Purdom nimempa njano, kwa sababu ya ile mianguko minne (Baba Neema anajua, tunabishana kila Krismasi nyumbani kwa Gadi). Nyekundu yake niliifuta jina, nikaandika langu: alianguka bila kupigwa, alikimbilia msalani, dakika kumi na mbili. Upande wa nyuma nilimpa Mama Wanjiku aujaze, kwa kuwa shahidi hawezi kuwa mimi mwenyewe. Aliandika mistari mitano, kwa mwandiko wa kinesi, na mpaka leo sijaweza kusoma hata neno moja, na kila nikimwomba anisomee ananiambia niende maktaba.