Vitufe vya Kompyuta Nzito

Mteja wangu huyu, mwandishi wa programu za hospitali, hanunui kompyuta kwa macho. Huigeuza kifudifudi akakagua skrubu, huitegea sikio asikie feni, kisha hufumba macho na kuchapa. Zile nyembamba zinazong'aa nilizompangia kaunta ya duka langu alizisukuma pembeni kama sahani chafu. Nilikuwa nimeshaanza kununa simu yake ilipoita, akaiweka sauti ya juu.

"Dada, mfumo umegoma, foleni ya dawa imefika nje!" Ni mwenzake wa kazini, anahema. "Kuna kumbukumbu moja imekwama. Amri ya kuifuta nimeshaandika. Nibonyeze?"

"Nisomee kwanza."

"Dada, watu wanapiga kelele!"

"Neno kwa neno."

Kila alichosomewa alikichapa kwenye kompyuta nzito iliyokuwa mbele yake, taratibu, midomo ikicheza. Ghafla kidole kikasimama.

"Hujataja ni ipi. Hiyo inafuta za wagonjwa wote. Umebonyeza?"

Akaisogeza simu mdomoni.

"Nimekuuliza, umebonyeza?"

"Sijagusa, dada. Mikono nimeikalia."

Nilinyoosha mkono niirudishe ile kompyuta rafuni, akaikandamiza kwa kiganja. "Hii haitoki tena, naichukua," aliniambia, kisha akairudia simu. "Haya, toa mkono mmoja. Andika ninachokusomea."