Vidole vya Buluu

Miaka hiyo ya hamsini, Mbeya, kazi yangu ilikuwa kuosha mawe. Usicheke. Mimi na mwenzangu mmoja tuliyatwanga, tukayaloweka, tukayachekecha majini. Kisha Mzungu wetu, mtaalamu wa miamba, aliyatazama kwa hadubini, akitafuta viganda vya vijidudu vya baharini, vidogo kuliko punje ya mchanga. Kila tabaka la mwamba lina viganda vyake, na kwa hivyo alijua lipi la kale na lipi la juzi.

Sharti lilikuwa moja: ukimaliza jiwe, chovya chekeche kwenye rangi ya buluu. Kiganda kilichonasa humo hugeuka buluu, na kikitokea katika jiwe linalofuata, Mzungu anajua ni mabaki, anakitupa.

Rangi hiyo haikutoka upesi vidoleni. Msikitini walinitania, na mmoja akadai udhu wangu una shaka. Mimi nina hasira za karibu. Ijumaa moja nikaosha udongo wa Kilwa, nikalisuuza chekeche kwa maji matupu, nikaosha jiwe la Songwe, nikakimbilia swala. Mwenzangu, Msafwa aliyenizidi umri, akabaki kulikausha na kuandika jina lake mwenyewe daftarini, kama ilivyokuwa desturi kwa anayemaliza kazi.

"Leo mikono ya Ijumaa kweli, Shekhe," alinitania nikitoka, akitazama vidole vyangu visivyo na rangi mbichi.

Jumatatu Mzungu alipiga kelele za furaha. Viganda vya bahari katika jiwe la Songwe! Kumbe bahari ilifika huku! Akawaandikia wakubwa wake. Nilijua palepale kosa ni langu, nikaendelea kutwanga mawe.

Majibu yalikuja na kejeli: viganda vile ni vya Kilwa, chekeche halikuchovywa. Mzungu akafungua daftari, uso umemwiva, akakuta jina la mwenzangu.

"Bwana, mimi nilikausha tu," mwenzangu alisema, kisha akanitazama.

Alikuwa ametoka migodi ya dhahabu ya Makongolosi, huko Chunya, na kikohozi cha vumbi, akaapa hatarudi tena. Nilijua hilo vizuri. Nikatazama sakafu. Akafukuzwa siku ileile.

Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye njia ya Chunya, blanketi begani, anarudi mgodini. Nikampa mkono. Akaugeuza, akavitazama vidole vyangu vya buluu.

"Umeanza tena kuchovya," alisema, baada ya kukohoa. "Vizuri, Shekhe. Aliyeshika nafasi yangu asije akapata tabu."