Famille ao Professionnel

Mwaka ule wa 2017, watu wa Nyunzu walipokuwa wakikimbia vita na kuingia Kalemie na vifurushi vichwani, Idriss alipanda lori kwenda kumchukua mama yake. Hakufika. Lori lilipigwa risasi njiani, na waliookoka ndio waliomzika, kando ya barabara, kwa haraka. Mama yake, Fatouma, alikuwa ameshaondoka Nyunzu kwa miguu. Alipita porini na wenzake, akatokea Kalemie siku chache baadaye, miguu imevimba, akiuliza nyumba ya mwanawe ni ipi.

Aliyemfungulia mlango ni Mouna, mke wa Idriss. Habari ya lori ilikuwa imemfikia asubuhi ile ile. Alimkaribisha mkwewe, akampa maji ya kuoga, akamsongea bukari na kumpikia ndagala, akamwacha ale ashibe. Baada ya hapo ndipo alipomwambia. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili waliishi nyumba moja wakizungumza juu ya chumvi, makala ya kupikia na maji. Juu ya barabara hawakuzungumza.

Mouna alikaa eda. Watu walikuja, wakalia, wakaenda zao, yeye hakulia. Haukuwa ushupavu. Alijisikia kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, ila si wako. Kila alipoulizwa jambo alijibu kwa namna moja. Apikiwe nini? Chochote. Alale chumba gani? Chochote. Hitima isomwe siku gani? Yoyote. Watu wakamsifu kwa subira, naye akawaacha wasifu.

Eda haijaisha, likafika boksi kutoka Kigoma. Idriss aliliagiza kabla vita haijachacha: kompyuta ya kuchezea michezo, ya nguvu, vipande vipande vya kuunganishwa. Alitaka kugeuza chumba cha mbele kuwa sali, ukumbi wa michezo, vijana wa mtaa waje wacheze mpira na mbio za magari. Meza alikuwa ameshaichongesha. Boksi likawekwa juu ya meza hiyo, na hakuna aliyeligusa.

Eda ilipokwisha, Hamidi, mdogo wake Idriss, alikuja kutoka bandarini alikofanya kazi.

"Shemeji," alisema, "kuna biro moja, ofisi ya mambo ya misaada, inatafuta ordinatere, kompyuta kama hii. Hata kesho watabeba. Hapa itakula vumbi bure."

"Hapana," alisema Mouna.

Hamidi na mama yake wakamtazama. Ilikuwa miezi hawajamsikia akikataa kitu. Mwenyewe pia alishangaa kidogo, kama aliyesikia sauti kutoka chumba cha pili.

"Sasa utaifanya nini?"

"Sijui. Ipeleke kwa Papa Gaspard, aiunge."

Gaspard alikuwa na kibanda cha ufundi karibu na gare, kituo cha treni, na Idriss alipenda kukaa pale saa nzima akiuliza maswali. Baada ya siku kadhaa Gaspard alituma ujumbe kwamba mwenye mashini aje. Mouna akajifunika vizuri, akatoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda mjini tangu msiba. Mitaa ilijaa watu asiowajua, na uwanja wa shule aliyosoma zamani ulikuwa umefunikwa na mahema ya waliokimbia vita. Alipita akitazama mbele.

Mashini ilikuwa mezani, sanduku jeusi lenye kioo ubavuni, na ndani taa za buluu zinazunguka na feni.

"Kazi ya mikono imekwisha, Mama," alisema Gaspard. "Lakini iko tupu. Lazima tuiwekee Windows ya kuiongoza. Njo maana nakuuliza, niweke gani? Famille ao Professionnel?"

"Yoyote."

"Yoyote haiko, Mama. Ni lazima uchague moja, na ukishalipa ni hiyo."

Akaeleza pole pole. Kwa michezo, alisema, zote mbili ni sawasawa. Mpira hautakimbia zaidi kwa sababu ya jina. Famille ni ya bei ndogo, ni ya nyumbani, muntu na watoto wake. Ila ina tabia moja: ikitaka mise à jour, yaani kujivutia vitu vipya kwenye intaneti, haiombi ruhusa sana. Inavuta tu, inamaliza mega zako zote ulizolipia, halafu inajizima na kujiwasha yenyewe, hata kama vijana wako katikati ya mechi. Professionnel, ile ya kazi, unaweza kuiambia ingoje, ikangoja wiki kadhaa. Kuna na ya tatu, iliyopunguzwa na watu wa Lubumbashi, nyepesi sana, haisumbui na mise à jour hata kidogo. "Lakini walipunguza nini, waliongeza nini, hakuna anayejua. Mimi siiweki kwa muntu ninayemujua."

"Idriss alisema gani?"

Gaspard alifuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa michafu. "Kila siku alibadilisha. Tulikuwa tunabishana tu, kwa kucheka. Hakusema."

Mouna alingoja kitu kimuume kifuani. Hakikuuma. Alisema atarudi.

Nyumbani alimkuta Fatouma uani akichambua mchele. Alikaa karibu naye akaanza kuchambua pia.

"Walikuita kwa nini?" Fatouma aliuliza.

Mouna akamweleza kama alivyoelezwa: kuna moja inayojizima, inayoondoka yenyewe ikitaka, na kuna nyingine unaiambia ingoje, inangoja.

Fatouma alisimamisha vidole kwenye ungo.

"Mimi sikungoja," alisema. "Aliniambia kwa simu, Mama, usitoke hapo, mimi nakuja. Nikamwambia ndiyo. Usiku nikasikia risasi, nikatoka. Simu haikushika tena."

Ulikuwa mwanzo wa maneno hayo katika nyumba ile. Mouna aliyasikia yote, neno kwa neno, na uso wake haukubadilika.

"Ungengoja ungekufa, Mama."

"Labda."

"Na lori lisingefika vilevile. Lilipigwa kabla ya kufika. Ungengoja muntu ambaye hayuko."

Fatouma alilia kimya, akijifuta kwa ncha ya kitenge. Mouna hakulia naye, lakini hakuinuka. Waliumaliza mchele wote.

Kesho yake alirudi kwa Gaspard.

"Weka Professionnel," alisema. "Sina mega za kupoteza."

Gaspard aliiweka, na ilichukua muda mrefu. Mwishoni mashini ikauliza jina la mwenyewe. Gaspard akageuka.

"Niandike jina gani?"

"Andika Mouna."

Sali ikafunguliwa. Vijana wa mtaa walikuja, na wa kutoka Nyunzu, na wale wa mahema. Siku umeme ulipokuwepo walijaa hadi dirishani. Fatouma alijiwekea kiti mlangoni bila kuombwa. Alijua nani amefika kwanza na nani anamruka mwenzake. Siku moja mwanajeshi alikuja na bunduki begani, akataka kuingia.

"Hiyo inabaki nje, na wewe utabaki nayo," Fatouma alimwambia. "Ao nenda uiache kwenu, urudi."

Kijana alisimama akimtazama, akaenda zake. Jioni alirudi mikono mitupu, akacheza, akafungwa vibaya, akashukuru.

Mwaka uliofuata, watu walipoanza kurudi Nyunzu, Hamidi alikuja kumuuliza mama yake kama amtafutie nafasi.

"Nirudi kwa nani?" alisema Fatouma. "Mimi niko na mwanangu hapa."

Alisema hivyo akimwonyesha Mouna kwa kidevu, kisha akageuka kumkemea mtu aliyekuwa anagonga meza.

Mouna alikuwa jikoni, mlango wazi. Alitaka kufurahi, akaona furaha haiji. Alikoroga chungu, akaonja, akaongeza chumvi. Halafu akamwita Hamidi kando, akamwomba apite kwa seremala Hippolyte, aje apime kitanda cha Mama, kipana, cha mbao ngumu.

"Mbao gani?" Hamidi aliuliza.

Mouna karibu aseme yoyote, kisha akafikiri. "Ya mti wa libuyu," alisema. "Nyekundu."