Asubuhi Gari ya Mzee Iliponyamaza

Leo nimeshtua majirani wa ploti nzima kwa kuchomoa waya moja ya betri ya gari.

Baba yangu hajaendesha gari tangu macho yake yaharibike. Lakini hii baridi ya Julai, kila asubuhi anashuka, anaiwasha dakika chache, anazima. Anasema betri isipoamshwa itakufa.

Fundi wa Kariobangi aliniambia hiyo washa-zima ndiyo inaimaliza. Gari ikikaa, chomoa waya, achana nayo.

Jana jioni nikachomoa. Sikumwambia mzee.

Asubuhi akashuka, akazungusha ufunguo, kimya. Akarudi kwa nyumba, akakaa na chai yake.

Muda kidogo tukasikia hodi. Ni Mama Brayo wa nyumba ya chini, yule hulalamika kila siku eti moshi ya gari ya mzee inanukisha nguo zake kwa kamba. Ana leso kichwani na hana viatu.

"Baba yako ako sawa? Sijasikia gari."

Nyuma yake ngazi imejaa majirani.

Mzee akaitikia kutoka ndani, "Niko, mama. Ni betri tu."

Mama Brayo akakaa hapo hapo kwa ngazi, akajipangusa macho.

"Kesho uiwashe, baba. Nguo nitafua tena."

Nimeshuka na spana namba kumi, nikarudisha waya.

Fundi alisema ukweli, betri itaisha mapema. Wacha iishe.

Kwenu ni sauti gani ikikosekana majirani wanakuja kubisha?