Meno ya Rangi ya Nakuru

Mwaka wa 2007 ulikuwa wa tatu tangu mama aanze kula peke yake. Alikuwa akitupakulia sebuleni, mimi na kaka yangu, akikiombea chakula, kisha akirudi jikoni na sahani yake na kufunga mlango. Tulisikia kijiko kikiponda. Viazi, ndizi, maharagwe, vyote alivisaga mpaka vikawa uji, akavimeza amesimama. Mgeni akibisha, mama alitoka ameziba mdomo kwa leso na kusema ameshashiba.

Meno yake yalikuwa yamekwisha. Ufizi uliugua, yakalegea moja baada ya jingine, yakaenda. Fundi mmoja wa mjini alimtengenezea meno bandia, ya juu na ya chini, ila ya chini yalikataa kukaa. Mama alikuwa na cherehani yake mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru, na mtu aliyeshona nguo miaka thelathini hukata uzi kwa meno bila kufikiri. Siku moja aliuma uzi, akavuta, na safu nzima ya chini ikafuata uzi, ikaangukia kwenye sare ya shule aliyokuwa akiipinda. Mwenye sare alicheka mpaka akakaa chini. Mama alitoa na ya juu, akayafunga meno yote kwenye kitambaa, akayafungia kabatini.

"Hayo ni meno ya mgeni," alisema.

Nilidhani analalamikia kulegea. Hapo ndipo nilipokosea.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na riwaya iliyofika nusu. Kila mwezi nilienda Nairobi kukaa na waandishi wenzangu, tukisomeana kurasa na kugombana juu ya sentensi moja jioni nzima. Nilijiona nina maneno ya kila kitu chini ya jua. Lakini sikuwa na neno hata moja la kumtoa mama jikoni, na hilo tu ndilo nililotaka: akae mezani, ale nasi.

Nikasikia habari za meno yanayoshikiliwa na skrubu. Ilinichukua miezi miwili kumfikisha kwa daktari.

Daktari alikuwa Mhindi mzaliwa wa Nakuru, mwenye upole wa mtu aliyezoea kuogopwa. Alituwekea mezani taya la plasta lenye meno ya kubandua.

"Mama, hii si kama ile ya zamani. Tunapanda skrubu kwa mfupa wa chini. Tunangoja mfupa uishike. Halafu meno inabana juu yake, tak! Ya juu tunatengeneza mpya, hiyo inashika yenyewe."

Mama aliinama, akayabandua yale meno, akayabana tena. Tak.

"Hii ni presi batani," alisema. "Kama ya gauni."

"Kabisa, mama."

"Na nikikufa?"

"Usiku unaweza kutoa meno, mama, unasafisha..."

"Nimeuliza nikikufa."

Daktari alinitazama. Nilitazama dirishani.

"Skrubu itabaki, mama. Ni yako."

"Sawa. Angalau nitaenda na kitu."

Palikuwa na uamuzi wa kufanya: skrubu mbili, na meno ya kubandua kila usiku, au skrubu nne na zaidi, na meno yasiyotoka kabisa. Mimi nilipigania nne. Nilihutubia. Nilizungumza juu ya uhuru, juu ya asubuhi za kuamka na mdomo uliojaa. Mama alisubiri nimalize.

"Gauni linalofungwa na batani mbili, wewe utaliwekea nne za nini?" Akamgeukia daktari. "Mbili. Na yawe ya kutoka. Kitu nisichoweza kufua, sikivai."

Nilikasirika njia nzima ya kurudi nyumbani.

Skrubu zilipandwa Novemba, na tukaambiwa tungoje miezi kama minne mfupa uzishike. Ukaja uchaguzi, zikaja fujo, maduka yakafungwa. Asubuhi moja mwezi wa Januari, mwanamume ambaye mama aliwahi kumshonea suti ya harusi alisimama nje ya ua wetu, akamwambia arudi kwao. Mama, aliyezaliwa upande wa Njoro katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la ngano, na ambaye hajawahi kuwa na kwao kwingine, hakumjibu. Aliingia ndani, akakaa mbele ya kioo, akafungua mdomo na kuutazama ufizi mtupu. Nilifikiri anaangalia kama kidonda kimepona.

Mambo yalipotulia, tulirudi kwa daktari kuchukua vipimo. Mama alipotoka kwenda kusukutua, daktari aliniletea kibao chenye vijino vya mfano, kutoka vyeupe hadi vya manjano, nichague rangi. Nilichagua cheupe kuliko vyote. Sikumwuliza mama. Ninaandika hili kwa aibu, maana najua mkono ule ulichagua kwa niaba ya nani. Mimi pia, kama mama, nimekulia kwenye maji haya ya Nakuru, yenye madini yanayotia meno rangi, na meno yangu ni ya kahawia, yenye mistari kama ubao mbichi. Nairobi nilikuwa nikicheka midomo imefungwa.

Siku ya kujaribu, meno yakiwa bado yameshikwa na nta, daktari alimvalisha mama. Yalibana. Hayakutikisika. Alisema "sisimizi," akasema "sufuria," hakuna kilichoruka. Nilipiga makofi kama mjinga.

Mama alitazama kioo cha mkononi muda mrefu.

"Ni ya nani haya?"

"Ni yako, mama!" nilisema.

"Yangu yalikuwa ya kahawia."

"Mama, watu wanakuja hapa wakilia niwatolee hiyo rangi," daktari alisema.

"Wewe ulizaliwa wapi, daktari?"

"Hapa hapa."

"Na meno yako ya hapa hapa yako wapi?"

Daktari alicheka, akafunika mdomo kama msichana. "Nilifunika nikiwa chuo."

"Basi hiyo ni shida yako." Alitoa meno, akayaweka kwenye trei. "Haya sivai. Nitakaa kama friji mpya."

Nililipuka. Nilimwambia amechosha watu. Nilimwambia tumengoja miezi, tumepita katika mambo aliyoyaona kwa macho yake, na sasa meno yamekaa, yamebana, kilichobaki ni kula tu, anakataa kwa sababu ya rangi! Kuna watu wangetoa shamba wapate meno kama hayo.

"Waniletee hilo shamba," alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Yule mtu aliniambia nirudi kwetu. Unajua kwa nini sikumjibu? Sikuwa na meno. Shuleni tulikuwa na meno ya kahawia sote, Mkikuyu, Mkalenjin, na mtoto wa mwenye duka, Mhindi kama daktari. Ningefungua mdomo tu, angeona nimekunywa maji ya wapi."

Daktari alikwenda kumwita fundi wake wa meno, mzee mnene aliyekuwa na karakana chumba cha nyuma.

"Kahawia?" mzee aliuliza. "Naweza kupaka. Lakini kahawia iko nyingi. Nitaiga nini? Yake haiko tena."

Mama alininyooshea kidole. "Huyo anayo."

Nilikataa. Wote watatu walinitazama, na mimi, niliyekuwa nimetoka kumfokea mama kwa ukaidi, nilipanda kwenye kiti.

Mzee aliinua mdomo wangu wa juu kwa kidole. "Wah! Hii ni Nakuru kabisa!" Alinikalisha karibu saa nzima, mdomo wazi, mate yakinitiririka kidevuni, akichanganya rangi, akipaka kwa brashi nyembamba, akinitazama tena. Mama alisimama begani pake kana kwamba anasimamia mshono.

"Hapo ongeza. Huyu amekunywa ya mfereji, mimi nilikunywa ya kisima. Yangu yalikuwa yameiva zaidi."

"Hivi?"

"Zaidi. Na mstari usinyooke hivyo, si mpaka wa shamba."

Wiki iliyofuata tulikwenda kuyachukua yakiwa tayari. Jumapili ile nilipika mbuzi. Mama alikaa mezani, kati yangu na kaka yangu, akachukua kipande chenye mfupa, akauma, akatafuna taratibu upande wa kushoto, kisha wa kulia. Tuliacha kula, tukamtazama.

"Mnatazama nini? Huyu mbuzi nani amempika?"

"Mimi, mama."

"Bado anatembea."

Akalalamikia chumvi. Akalalamikia vitunguu, akasema vimekatwa na mtu mwenye haraka ya kwenda Nairobi. Aliongea mdomo ukiwa umejaa, jambo alilotuchapia tukiwa wadogo, na alipomaliza kipande chake alinyoosha mkono akachukua changu.