Pampu Inayokunywa Yenyewe

Kabla pampu mpya haijaja, shamba kubwa la kahawa lililokuwa bondeni chini ya kijiji cha Kikatiti, Meru, halikuwa likipata maji mpaka Lydia afike. Si kwamba alikuwa na cheo. Alikuwa na debe. Pampu ya zamani, ile yenye tumbo la kuviringana kama konokono, haikuweza kuvuta maji ikiwa na hewa ndani. Ukiiwasha kavu inazunguka na kulalamika tu, na maji yamelala mtoni yanaitazama. Basi kila asubuhi Lydia alifungua kifuniko cha juu, akamimina debe baada ya debe mpaka bomba lote linaloshuka mtoni lijae na mapovu yaishe, ndipo akampigia ukelele mtu wa injini: "Imeshiba! Washa!" Watu wakamwita Mama Mnyweshaji, naye akaitika.

Malipo yake yalikuwa maji yenyewe. Aliruhusiwa kuchota kwenye tangi la shamba maji ya kutosha kumwagilia miche yake ya kahawa, aliyoiotesha chini ya kivuli cha majani ya migomba. Na miche ile haikuwa ya kujifurahisha. Mumewe alipofariki, wazee wa ukoo walimwachia kipande cha juu cha kihamba, shamba la ukoo, kwa sharti moja: masika yakifika, kiwe na kahawa. Kikibaki kitupu, apewe mwingine mwenye nguvu. Jina la huyo mwingine hawakulitaja, lakini kila mtu alilijua. Ni Philemoni, mdogo wa marehemu, ambaye pia ndiye aliyekuwa nyapara wa shamba lile la Mzungu.

Ilikuwa miaka ya Waingereza, vita vikuu vya pili vimekwisha, bei ya kahawa imepanda, na kila mwenye shamba anataka mashine mpya. Kiangazi kimoja msimamizi wa shamba, naye Mzungu, akamwita Gurmeet Singh, fundi mwenye gereji kule Themi, mjini Arusha. Akaja na lori, juu yake kitu kirefu kama gogo la chuma. Wafanyakazi wakakusanyika, na Lydia katikati yao na debe lake mkononi.

"Mmewahi kunywa togwa kwa mrija?" Gurmeet aliwauliza, maana alikuwa mtu wa kupenda kueleza. "Kwanza unavuta nini? Hewa. Hewa ikitoka, togwa inafuata nyuma. Sasa humu ndani kuna skurubu ndefu ya chuma inayozunguka ndani ya mpira mgumu. Inabana chochote kilichopo kati yake na mpira, inakisukuma mbele. Ikikuta hewa, inasukuma hewa. Bomba likibaki tupu, maji hayana la kufanya. Yanapanda."

"Kwa hiyo hainyweshwi?" akauliza Philemoni.

"Inakunywa yenyewe. Leo naweka maji kidogo tu, mpira ulowe, bas. Lakini sikiliza, nyapara, na wewe bwana usikilize. Maji yakikatika mtoni, zima. Mpira huu unapozwa na maji. Ukizunguka kavu muda wa kuvuta sigara moja, unaungua. Na mpira mwingine unatoka Ulaya kwa meli."

Alipokwisha kuifunga kwenye bomba, akawasha. Pampu ikakohoa hewa, ikakohoa tena, kisha bomba la juu likatapika maji meupe kwa nguvu ambayo ile ya zamani haikuwahi kuwa nayo. Lydia mwenyewe alipiga kigelegele kabla hajajikumbuka.

"Shemeji, umeiona?" Philemoni akamsogelea akicheka. "Haitaki debe lako."

"Nimeiona. Inafanya kazi kuliko inavyosema. Jifunze kwake."

"Bwana amesema leo ndiyo mwisho wako. Na kwenye tangi usiguse tena."

"Na miche yangu?"

"Iombee mvua. Au nipe mimi hicho kipande, nikupunguzie mzigo."

"Philemoni, hicho kipande utakipita tu ukielekea kanisani."

Akamwacha pale, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi. Akamwambia kwamba Wameru wanagawana maji kwa zamu, na mtu aliyefanya kazi ya maji hanyimwi zamu yake.

"Kazi imekwisha," msimamizi akajibu. "Na maji ya bure imekwisha."

Kabla ya juma kuisha majani ya miche yakaanza kujikunja. Lydia akabeba maji kichwani kutoka mtoni mpaka shingo ikakataa kugeuka, na bado udongo ulikuwa unayameza kama haujaona kitu. Akaona wazi kwamba kwa kichwa kimoja hataiokoa. Ndipo alipochukua jembe.

Ulikuwepo mfereji wa zamani, uliochimbwa na babu za mume wake, ambao mdomo wake ulikuwa juu kidogo ya kidimbwi cha mtoni ambamo pampu ilivuta maji. Watu waliuacha tangu walipoanza vibarua kwenye shamba la Mzungu, ukajaa tope na magugu. Lydia akapita nyumba kwa nyumba akisema neno moja: atakayekuja kuuzibua atakuwa na zamu.

"Mama Mnyweshaji, unatupeleka kifungoni," akasema Susana, jirani yake.

"Kuzibua mfereji wa mababu ni kosa gani?"

"Kosa watalitafuta wao."

"Basi walitafute sisi tukiwa tunachimba."

Susana akacheka, akaenda kuchukua jembe. Wakaja wanawake wengi na wanaume wachache, wakachimba hadharani, huku nyimbo zao za kanisani zikisikika hadi ofisini kwa msimamizi. Walipomaliza, Lydia akashuka mpaka kwenye pampu.

"Kesho asubuhi tunafungua," akamwambia Philemoni. "Mto umepungua, hautatosha kote kuwili. Zimeni pampu mpaka zamu zetu ziishe."

"Unamwamuru Mzungu?"

"Namwarifu. Sitaki kesho mseme niliwaibia maji."

"Shemeji, mashine hii inajitafutia. Itakunywa tu."

Asubuhi wakafungua. Maji yakageukia mferejini, na kule chini kidimbwi kikaanza kushuka hadi mdomo wa bomba ukabaki nje. Philemoni alisimama kando ya pampu mikono kiunoni, akingoja ijinyweshe. Nayo ikavuta kweli. Ikavuta hewa, ikasukuma hewa, ikavuta nyingine. Harufu ya mpira kuungua ilipomfikia puani ndipo alipokimbilia injini na kuizima.

Gurmeet, ambaye asubuhi hiyo alikuwa shambani kukagua mashine, akaitwa. Akafungua, akachungulia, akapitisha kidole. "Umeungua ukingoni, bado unafaa. Siku nyingine hautafaa. Nilisema nini mimi?"

Msimamizi alipanda kando ya mto, uso mwekundu, Gurmeet na Philemoni nyuma yake, mpaka kwenye mdomo wa mfereji. Lydia alikuwa ameketi juu ya tuta lililoyageuza maji, jembe limelala magotini.

"Ondoka hapo. Mimi iko na ruhusa ya maji kutoka serikali."

"Sisi tuna mfereji," Lydia akasema. "Ulikuwa hapa kabla ya ruhusa."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Kutoka Arusha watafika mimi nimeshamwagilia, na Susana ameshamwagilia." Wanawake wakacheka. Lydia hakucheka. "Wakiniondoa mimi, atakaa huyu. Wakimwondoa huyu, atakaa yule. Na kila siku ya zamu utakuta kidimbwi kimeshuka. Pampu yako inakunywa yenyewe, bwana, sibishi, nimeiona kwa macho yangu. Lakini haiwezi kunywa mawe."

Msimamizi akatazama mto, akatazama safu ya majembe. Akamgeukia fundi kama anayetafuta neno lingine.

"Mimi sina mpira mwingine," Gurmeet akasema, akijifuta mikono.

"Mpaka saa sita," msimamizi akasema mwishowe. "Saa sita nyinyi funga."

"Mpaka jua liegemee magharibi. Na kila juma."

Msimamizi akatupa neno la Kiingereza, akashuka bila kukubali wala kukataa. Watu wakatega masikio. Injini haikulia.

Aliyeongoza uchimbaji ndiye mwenye zamu ya kwanza, kwa hiyo Lydia akashuka na ule mfereji mrefu, uliokuwa bado unalowa, akiyafuata maji yaliyokuwa yanasukuma majani makavu mbele yake. Philemoni alimkuta juu ya kitalu, karibu na tuta la mwisho.

"Shemeji, juma lijalo atakuja na polisi."

"Aje nao."

"Huogopi?"

"Naogopa sana. Fungua hapo ulipo, maji yanapotea."

Philemoni akatazama bondeni, akayatazama maji yaliyokuwa yanapanda kwenye viatu vyake vya unyapara, akabaki amesimama. Lydia hakumngojea. Akainua jembe, akalipasua tuta mwenyewe, na maji yakaingia kwenye miche.